Zamu ya Jumapili Raskazone

Jumapili mbili mfululizo nilimdanganya baba kwamba nimetoka misani. Jioni, tukiwa tunakula, alikuwa akiniuliza masomo yalikuwa yapi na padri alihubiri nini. Masomo hayakunipa shida, kwa kuwa Dominika moja makanisa yote husoma yaleyale. Niliyasoma Jumamosi kitandani kabla ya kulala. Mahubiri ndiyo niliyoyatunga mwenyewe. Niliyatunga njiani, juu ya baiskeli, nikirudi kutoka kazini na chumvi imenikaukia miguuni. Nilipoyasema mbele yake niliona bora niweke sahani chini, isije ikanitoka mkononi.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimefaulu, nasubiri kupangiwa shule ya kidato cha tano. Tulikaa Ngamiani, vyumba viwili katika nyumba ya kupanga. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ya Kikristo. Mama alishona nguo barazani. Mimi ni wa kwanza kuzaliwa, na nyuma yangu wapo wadogo watatu.

Nyumbani kwetu Jumapili haikuguswa. Mama alifunika cherehani Jumamosi jioni na haikufunuliwa mpaka Jumatatu, hata mteja aje analia. Hatukufua wala kupiga pasi. Nguo za misa zilipigwa pasi jana yake. Tulipika, kwa kuwa watu lazima wale, na baada ya chakula cha mchana baba alitandika mkeka uani akalala chali, mikono kifuani, na hapo hakuna aliyethubutu kumwamsha. Majirani zetu Waislamu walitushangaa kidogo. Wao Ijumaa wakitoka msikitini walifungua maduka yao. Sisi tuliwezaje kukaa mchana kutwa bila kushika kitu?

Sababu ilikuwa babu. Babu alitoka Songea akiwa kijana, akaja Tanga kukata mkonge, akawa manamba. Baba alitusimulia habari hiyo mara nyingi, kila mara kwa sauti ileile ya taratibu. Siku sita babu aliitwa kwa namba iliyoandikwa kwenye kadi yake ya kazi. Siku ya saba alivaa shati lenye kola akaenda kanisani, na huko aliitwa kwa jina lake la ubatizo.

"Msimamizi alipita Jumapili asubuhi akigonga milango, anatafuta watu wa kumalizia kazi," baba alisema. "Babu yenu hakutoka. Alikaa kitandani na shati lake, anatetemeka, lakini hakutoka."

Kwa baba, basi, Jumapili ilikuwa siku ya mtu kuitwa jina lake. Hilo nililielewa tangu mdogo, na kwa sababu nililielewa, uongo wangu ulinitisha kuliko uongo mwingine wowote niliowahi kusema.

Kazi yenyewe ilikuwa Raskazone, kwenye hoteli ndogo ya ufukweni. Ilikuwa na bwawa la watoto, bembea mbili, na ngazi za saruji zinazoshuka mpaka baharini. Jumamosi na Jumapili familia za mjini zilikuja kuogelea na kula samaki na chipsi, na mwenye hoteli alitaka msichana wa kuangalia watoto ili wazazi wakae kwa raha. Aliyenipeleka alikuwa mpishi mkuu wa pale, mama wa Kidigo ambaye nguo zake zote alishonewa na mama yangu.

"Shule ya bweni yataka godoro, yataka tranka, ndoo, mashuka," alimwambia mama. "Mwacheni mtoto ajinunulie mwenyewe. Mie nitakuwa nipo pale, namwona."

Baba alikataa. Alikataa siku ya kwanza, akakataa ya pili. Ya tatu mama akamwambia aende akamuulize padri, maana alijua baba hawezi kubishana na padri. Baba akaenda, akakaa huko muda mrefu, akarudi na uso wa mtu aliyepewa jibu asilolitaka. Padri alimwambia kwamba wauguzi wanafanya kazi Jumapili, walinzi wanafanya, hata mpishi wa nyumba ya mapadri anafanya. La msingi binti asali kwanza, na apate siku nyingine ya kupumzika kweli.

"Na mimi mwalimu nikuangalie," baba aliniambia, "kazi isije ikakuchukua yote. Ndivyo alivyosema."

Tukapatana. Ningesali misa ya kwanza, ile ya saa kumi na mbili na nusu, halafu nifike kazini saa nne. Jumatatu ingekuwa Jumapili yangu: sitafua, sitapika, sitatumwa sokoni. Wadogo zangu walinung'unika sana kuhusu hiyo Jumatatu.

Mwezi wa kwanza wa kazi ulikwenda vizuri hivyo. Ikaja Kwaresima na joto lile la kabla ya mvua, na watu wakazidi kuja kuogelea. Mwenye hoteli akaniita pembeni Jumamosi moja jioni. Alikuwa mtu wa haraka, hata akiongea anatazama simu yake.

"Kuanzia kesho uwe hapa saa moja. Bwawa lisafishwe kabla wageni hawajafika."

"Jumapili saa moja nakuwa kanisani, bosi."

"Kama huwezi, wapo wanaoweza."

Nikasema naweza. Nililisema haraka, kwa hofu, na nikiwa bado nimesimama pale nikajua nimeshaingia shimoni.

Njiani kwenda kazini kulikuwa na kigango, kanisa dogo lenye misa ya saa kumi na mbili kamili. Nilimwambia baba nitasali pale, maana ni karibu na kazini. Alinitazama kidogo, akasema, "Misa ni misa," akaendelea kusahihisha madaftari. Na mimi nilikusudia kweli kusali pale. Lakini misa ile ilichelewa kuanza, na saa kumi na mbili na nusu nilipoona bado wanaimba wimbo wa mwanzo nilianza kuwaza bosi na lile neno lake la wapo wanaoweza. Nikatoka kwa mlango wa pembeni, nikapanda baiskeli. Jumapili iliyofuata sikusimama kabisa. Nilipita nimeinamisha kichwa, kitenge nimejifunika, nikisikia kinanda, nikakanyaga pedeli kama mtu anayefukuzwa na mbwa.

Jumapili ya tatu nilipita njia nyingine kabisa. Maji yalikuwa ya bamvua, yale ya mwezi mpevu, bahari inapotoka mbali sana na kurudi juu sana. Kufika saa tano asubuhi palipokuwa na maji pamebaki mchanga, matope na mawe yenye majani ya bahari, na huko mbali wanawake walikuwa wameinama na ndoo zao. Nilikuwa na watoto kumi na wawili. Niliwahesabu kila mara. Hesabu ndiyo iliyokuwa kazi yangu, mengine yote ni nyongeza.

Mmoja alikuwa msichana wa miaka kama mitano, nguo yake ya kuogelea ya njano, nywele zimesukwa mistari. Alikuwa muulizaji. Aliniuliza kwa nini bwawa ni la buluu na bahari si ya buluu. Aliniuliza kama kaa wanalala. Kisha akasimama juu ya ngazi za saruji akanyoosha kidole kule mbali.

"Wale mama wanatafuta nini?"

"Wanaokota chaza."

"Chaza ni nini?"

"Ni kama konokono wa baharini. Wanaliwa. Rudi bwawani, jua kali."

Akarudi. Nilimwona kwa macho yangu akirudi.

Saa saba kasoro kitochi changu kikatetemeka mfukoni. Tulikatazwa kushika simu kazini, lakini kilitetemeka mara mbili, nikakitoa. Ulikuwa ujumbe wa mama. Baba na mama siku hiyo walikuwa wamesali misa ya pili pamoja na wadogo zangu. Ujumbe ulisema: Baba yako anakuja huko. Padri wa kigango anaumwa, leo kigangoni hakuna misa, waumini wake wamesali kwetu. Imetangazwa. Baba amejua.

Nimejaribu mara nyingi kueleza kilichonipata hapo. Nilihisi baridi, na jua lile kichwani. Masikio yalijaa kelele kama ya maji. Nikageuka nikatazama getini. Kutoka kwetu mpaka Raskazone kwa baiskeli si mbali, na kama ametoka kanisani moja kwa moja angetokea wakati wowote. Nikasimama nimewapa watoto mgongo, natazama geti, natunga la kumwambia. Niseme niliumwa? Niseme nilikuta kigango kimefungwa, nikaogopa kurudi? Hilo la pili lilikuwa zuri. Nikalirudia kichwani, nikalipamba, nikaliongezea mtu niliyemkuta pale akaniambia padri anaumwa. Sijui nilisimama dakika ngapi. Kumi, labda zaidi.

Nilipogeuka nikahesabu watoto, wakawa kumi na mmoja.

Nikahesabu tena. Kumi na mmoja. Nikahesabu kwa kuwagusa vichwa, na mmoja wao akacheka akidhani ni mchezo. Rangi ya njano haikuwepo.

Kwanza nilitazama bwawani. Lilikuwa la kina cha magoti yangu na maji yake yalionekana mpaka chini, lakini niliingia na viatu nikapapasa kwa mikono, kona hadi kona. Nikakimbilia chooni. Nikakimbilia jikoni. Mpishi mkuu alikuwa anageuza samaki, akaniona uso, akauacha mwiko.

"Una nini weye?"

"Mtoto. Wa njano. Simwoni."

Hakuniuliza zaidi. Alipiga kelele moja na wahudumu wote wakatoka. Mmoja akaenda kwenye magari, mwingine barabarani. Mama wa mtoto alikuwa amekaa chini ya mwavuli na ndugu zake, chupa ya soda mkononi. Nilimwona anasimama taratibu, anatazama watu wanavyokimbia, kabla hajajua ni wake. Kisha akajua. Sauti aliyoitoa sijaisikia tena popote, na sitaki.

Katikati ya hayo baba akaingia getini anasukuma baiskeli. Alikuwa na suruali yake nyeusi ya misa na shati jeupe la mikono mirefu, jasho limemlowanisha mgongo. Aliniona, akafungua mdomo, na nikajua anataka kusema nini.

"Baba, mtoto amepotea," nikasema. "Nilikuwa namwangalia mimi."

Akafunga mdomo. Akaiachia baiskeli ikaanguka.

"Amevaa nini?"

"Njano."

"Mara ya mwisho alikuwa anatazama upande gani?"

Lilikuwa swali la mwalimu, swali la mtu aliyezoea kupeleka watoto matembezi na kurudi nao. Wengine wote walikuwa wananiuliza yuko wapi. Nilifumba macho. Nikaona kidole kile kidogo.

"Baharini," nikasema. "Aliuliza wale mama wanaookota chaza."

Tukashuka ngazi pamoja. Chini ya ngazi baba alivua viatu vyake vya kanisani, akatia soksi ndani, akaviweka juu ya jiwe. Sikuelewa kwa nini muda ule aliona haja ya kuvipanga. Tukaanza kukimbia juu ya mchanga wenye maji, tukikanyaga mawe makali.

Bahari ilikuwa inarudi. Maji ya bamvua yakirudi hayana vishindo. Unaona tu mahali palipokuwa mchanga pamekuwa kioo, halafu kioo kinasogea. Wanawake wa chaza hawakuwa tena kule mbali. Walikuwa wameshaanza kurudi kwa kuzunguka upande wa mikoko, mmoja mmoja, ndoo kichwani. Nilitazama kila mmoja, na hakuna aliyekuwa na mtoto. Nilianza kuomba, lakini hata Salamu Maria ilinikatikia katikati, nikawa narudia neno moja tu, sasa, sasa, sasa, bila kufika kwenye saa ya kufa, maana hilo nililiogopa kulitamka.

"Kule!" baba akasema.

Walikuwa wanawake wawili wa mwisho, wazee kidogo, bado wako kwenye fungu la mchanga. Katikati yao palikuwa na kitu cha njano kimeinama, kinachochokora mchanga kwa kijiti.

Nilipiga kelele nikamwita mtoto. Akainua kichwa, akanipungia mkono.

Lakini kati yetu na fungu lile mkondo ulikuwa umeshajaa. Nusu saa kabla hata mtoto angeweza kuuvuka. Sasa ulikuwa mpana kama barabara na maji yake yanavuta. Wale wanawake walikuwa wametuona, na mmoja wao akaelewa. Akamshika mtoto mkono.

"Ni wenu huyu?" akapaza sauti.

"Ni wetu!" baba akajibu.

"Mie nilidhani wa mwenzangu, naye kadhani wangu! Basi njooni mumchukue, sie tuna mizigo!"

Baba akaingia majini. Nilimfuata, akanigeukia kwa ukali ambao sijawahi kuuona kwake. "Baki hapo!" Nikabaki. Maji yakamfika magotini, yakamfika kiunoni, shati likamvimba mgongoni. Yule mwanamke akawa anamwelekeza kwa mkono.

"Usipite hapo, pana shimo! Njoo huku penye mawe! Huku, baba, huku!"

Yakamfika kifuani. Alikuwa anatembea kwa ajabu, mikono juu kabisa, kidevu juu, kama mtu aliyebeba mtungi asioutaka ulowe. Nilidhani anaona baridi. Alifika ng'ambo, akamkalisha mtoto shingoni, akarudi kwa njia ileile ya mawe, hatua moja, anasimama, hatua nyingine, anasimama. Mtoto alimshika masikio. Katikati ya mkondo baba aliteleza. Kichwa chake kilizama mpaka puani na mtoto akalia. Kwa kitambo kile sikuvuta pumzi kabisa. Kisha akapata jiwe, akasimama, akakohoa, akaendelea.

Nilipompokea mtoto mikononi alikuwa mzito na wa moto na amechafuka mchanga mpaka kwenye nyusi. Alinionyesha ganda la chaza. "Nimeona kaa. Hakulala," aliniambia.

Mama yake alikutana nasi kwenye ngazi. Alimnyakua, akamkagua mikono, miguu, mgongo, akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika anaumia. Ndipo akanitazama.

"Ulikuwa wapi wewe?"

Lile la kigango kilichofungwa lilikuwa bado lipo kichwani mwangu, limepambwa, na halikufaa kitu. "Nilikuwa hapahapa," nikasema. "Nilikuwa natazama getini."

"Getini kuna nini?"

Mwenye hoteli naye alikuwa amefika, simu mkononi lakini haitazami. Baba akasogea mbele, maji yanamchuruzika, miguu inamtoka damu kwa yale mawe. "Aliyekuwa zamu ni mwanangu," alisema. "Mimi ni baba yake. Kosa limetokea mikononi mwetu. Tunaomba radhi, mama." Akainamisha kichwa. Sijawahi kumwona baba anainamishia mtu kichwa nje ya kanisa. Yule mama alikaa kwenye ngazi akaanza kulia kwa sauti ndogo, mtoto mapajani.

Mpishi mkuu alinivuta jikoni akanipa maji yenye sukari.

"Mungu ameniadhibu," nilimwambia. "Sikuenda misani. Jumapili tatu. Ameniadhibu."

"Weye!" alisema, akaniwekea kiganja mdomoni, kiganja kinachonuka vitunguu na samaki. "Mungu amtie mtoto wa watu majini kwa uongo wako weye? Mungu gani huyo? Hebu kunywa maji."

Tulirudi tunasukuma baiskeli, yake na yangu. Tukafika penye miti barabarani, pana ukuta mfupi. Baba akaegemeza baiskeli akakaa. Nikadhani sasa ndiyo yanaanza. Nilibaki nimesimama.

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Niliogopa utaniachisha kazi."

"Ningekuachisha."

"Najua, baba."

Akakunja suruali iliyolowa mpaka magotini.

"Mimi sijui kuogelea," alisema.

Sikuwahi kujua. Tumezaliwa Tanga, bahari iko mwisho wa barabara, na sikuwahi kujiuliza kwa nini baba akienda ufukweni na wanafunzi hubaki na viatu miguuni.

"Pale nilipoteleza nilijua nimekufa," alisema. "Nikamfikiria yule mtoto shingoni. Nikafikiria na wewe pale ng'ambo unatazama." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Niliogopa sana, mama. Sijawahi kuogopa vile."

Aliniita mama, kama anavyowaita wadogo zangu wakiumwa. Nilikaa kando yake. Hofu niliyokuwa nayo juu yake kwa wiki mbili ilinitoka, ikaingia nyingine nisiyoizoea, ya kwamba baba yangu angeweza kufa, mchana kweupe, katika suruali yake ya misa, kwa sababu mimi nilikuwa natafuta maneno. Ilikuwa mbaya kuliko ile ya kwanza. Tulikaa pale mpaka nguo zake zikaanza kukauka na kuacha mistari myeupe ya chumvi.

Hakunichapa wala hakunifokea. Mama alifanya yote mawili kwa maneno, jioni nzima, huku akimpaka baba dawa miguuni. Jumatano nilikwenda kuungama. Jana yake, Jumanne, baba alikuwa amenipeleka hotelini. Mwenye hoteli alidhani tumekuja kuomba kazi irudi. Baba, aliyevaa shati lake la darasani, akamwambia kwamba binti atakuja kama mambo mawili yatakubaliwa: afike saa nne akiwa ametoka misani, na watoto waangaliwe na watu wawili. Vinginevyo atabaki nyumbani na godoro litatafutwa kwa njia nyingine.

"Mwalimu, wewe ndiye unayenipa masharti?" mwenye hoteli aliuliza. "Baada ya yale?"

"Baada ya yale," baba akasema.

Mpishi mkuu alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mikono kiunoni. Bosi alimtazama yeye, akatutazama sisi, akakubali. Akaajiriwa msichana mwingine, na kwenye ngazi za saruji pakafungwa geti dogo la mbao.

Jumapili ya kwanza baada ya hapo nilitapika asubuhi kabla ya misa. Nilikwenda hivyohivyo. Kazini sikukaa hata dakika moja; nilizunguka bwawa nikihesabu mpaka yule mwenzangu akaniambia namtia kizunguzungu. Usiku niliota mara kwa mara kwamba nahesabu na namba hazifiki. Nilifanya kazi ile mpaka Juni, na hofu haikuisha. Nilijifunza tu kutembea nayo.

Mama wa yule mtoto alirudi mara moja, mwezi Mei, mvua zilipopungua. Nilimtambua kabla hajanitambua. Alikuja na binti yake, akachagua meza iliyo karibu kabisa na bwawa, akageuza kiti kitazame majini. Hakumleta mtoto kwangu. Hakuagiza hata chakula cha kukatakata kwa kisu, alikula kwa mkono mmoja na macho hayakumtoka mtoto. Sikumlaumu.

Mtoto ndiye aliyekuja mwenyewe. Hakunikumbuka. Alisimama mbele yangu, safari hii nguo yake ni ya buluu, akaniuliza kama naweza kumfungulia lile geti dogo, anataka kuweka miguu kwenye maji ya bahari.

Nilimtazama mama yake. Alikuwa ameshasimama. Tulitazamana juu ya vichwa vya watoto wengine, muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana. Nilikuwa tayari kusema hapana, lango limefungwa, bosi hataki. Kisha akaja, akamshika binti yake mkono wa kushoto. Nikamwita mwenzangu asimame na wale wengine, nikafungua komeo, nikaushika mkono wa kulia. Tulishuka ngazi moja moja, sote watatu, mpaka maji yakamfika mtoto kwenye vifundo vya miguu.